Soma Jina Lako Kabla Hujasomewa

Wajukuu zangu wa Mlali,

Nawaandikia nyinyi mnaoamka alfajiri kuweka mafuta kwenye pikipiki, mnaowabeba kina mama kwenda kliniki, wakulima kwenda shambani na magunia ya mahindi kwenda soko la Kibaigwa. Mmechagua kazi halali. Barabara hii inayotoka Pandambili, ikapita hapa kwetu hadi Suguta na Mpwapwa, wengi wetu wazee tungeitembea kwa miguu kama nyinyi msingekuwepo. Kwa hiyo naongea na watu ninaowaheshimu, na ninayoyasema nayasema kwa sababu nawataka mfike mbali na kazi yenu.

Neno langu ni moja, na mengine yote yanatoka humo: kila mwenye chombo cha moto ajue kimeandikwa nini juu yake, na kimeandikwa wapi, kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Enzi za watemi wa Ugogo, shauri la mtu lilitunzwa vifuani mwa wazee waliokaa barazani. Ukitaka kujua kama fulani alilipa ng'ombe wa fidia, uliwauliza waliokuwepo. Leo shauri la barabarani linatunzwa kwenye kompyuta ya Jeshi la Polisi na kwenye jalada la mahakama. Mzee aliweza kusahau, au akakuonea huruma. Kompyuta haisahau wala haina huruma, na jalada likifunguliwa linasomwa kama lilivyoandikwa. Kijana asiyejua lililoandikwa juu yake hutembezwa huku na huko na wanaojua.

Tenganisheni kwanza mambo mawili ambayo kijiweni huchanganywa. Lipo kosa la kuandikiwa, na lipo kosa la kushtakiwa.

Kosa la kuandikiwa ni lile dogo: umekosa kofia ngumu, umepakia mshikaki, taa haiwaki, au umepigwa tochi ukizidi mwendo wa 50 ndani ya kibao. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, inamruhusu askari akuandikie kosa hilo na kukupa nafasi ya kukiri na kulipa faini bila kufika mbele ya hakimu. Kosa la kushtakiwa ni zito: kuendesha kwa hatari, kuendesha ukiwa umelewa, kumjeruhi mtu au kumuua. Hilo halimalizwi kwa simu ya mkononi. Unapelekwa mahakamani, na kwa sisi wa wilaya hii njia hiyo kwa kawaida inaelekea Mahakama ya Wilaya, pale Kongwa.

Kumbukumbu za kosa la kwanza ziko polisi, za kosa la pili ziko mahakamani. Anayepanda gari hadi Kongwa kumuuliza karani wa mahakama habari za faini ya kofia amepoteza nauli. Na anayefungua tovuti ya polisi akitafuta hukumu ya ajali iliyomuua ndugu yake hataiona humo. Ukishajua shauri lako ni la upande gani, nusu ya safari umekwisha kuimaliza.

Sasa tuanze na ile saa unaposimamishwa. Simama pembeni, zima injini, vua kofia ili uso uonekane, na salimia kama ulivyolelewa: mtu mzima shikamoo, wa rika lako habari za kazi, afande. Adabu haikufanyi mnyonge. Mtu mwenye adabu anaweza kuuliza maswali magumu na akajibiwa, na mwenye kelele hufungua shauri la pili juu ya lile la kwanza. Toa leseni, toa kadi ya pikipiki, onyesha bima. Kisha uliza kwa utulivu: afande, kosa langu ni lipi?

Ukiandikiwa, soma palepale. Msiichukue karatasi mkaikunja na kuitia mfukoni kama mnavyofanya wengi. Soma namba ya usajili, hizi zetu za pikipiki zinazoanza na MC, herufi kwa herufi. Soma jina lako na namba ya leseni. Soma kosa lililotajwa, tarehe, mahali na kiasi. Herufi moja ikikosewa, deni lako linaenda kwa mtu wa Gairo ambaye hamjawahi kuonana, au deni la mtu wa Gairo linakuja kwako. Kosa la kuandika ni rahisi kurekebisha askari akiwa bado yuko mbele yako. Baada ya miezi mitatu ni safari, barua na maelezo.

Jueni pia kiasi. Katika bajeti ya mwaka wa fedha 2021/22 faini ya pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi shilingi 10,000 kwa kosa moja. Kwa kosa moja, nasema. Ukikutwa huna kofia, umepakia wawili na huna bima, hayo ni makosa matatu na hesabu yake ni yako. Ukikuta kwenye karatasi kiasi kisichoendana na makosa yaliyotajwa, uliza kabla hujaondoka.

Malipo nayo yana njia yake. Fedha ya serikali hailipwi mkononi. Unapewa namba ya malipo, ile mnayoiita kontroo namba, na unalipa kwa simu, kwa wakala au benki. Kabla ya kuweka namba yako ya siri, angalia jina la anayelipwa linalojitokeza kwenye simu. Ukishalipa, usiufute ule ujumbe. Uandike kwenye daftari: tarehe, namba ya malipo, kiasi. Simu hupotea, huibiwa, hutumbukia kwenye ndoo ya maji. Daftari hubaki nyumbani.

Hapa niwaambie jambo ambalo baadhi yenu mnaliona la kawaida. Kuna kijana anayekunja noti ya elfu tano ndani ya leseni, akiamini ameokoa elfu tano nyingine. Tazameni hesabu hiyo vizuri. Kama kosa lilikwisha kuingizwa kwenye mfumo, noti ile haikufuta kitu. Deni liko palepale, na sasa una hasara mbili. Kama halikuingizwa, huna karatasi, huna ujumbe, huna ushahidi wowote, na kesho unasimamishwa tena kwa kosa lilelile. Zaidi ya hapo, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani anayetoa sawa na anayepokea. Ukidaiwa rushwa, namba ya TAKUKURU ni 113, na kuipiga ni bure. Askari waadilifu wapo, tena ni wengi, na kijana anayeomba karatasi yake anawasaidia wao dhidi ya wenzao wasio waadilifu.

Nije kwenye kukagua deni, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi hushtukizwa. Jeshi la Polisi lina mfumo wa kumbukumbu za makosa ya barabarani, na tovuti yake ni tms.tpf.go.tz. Unaingiza namba ya usajili ya chombo, au namba ya leseni, na unaona kama kuna deni linalosubiri. Faini iliyocheleweshwa haikai kama ilivyokuwa. Huongezewa adhabu, na siku ya ukaguzi barabarani unaweza kuzuiwa hadi ulipe lote. Ndiyo maana nasema: kila mwisho wa mwezi, mkiwa mmepumzika kijiweni, kagueni. Asiye na simu janja aazime ya mwenzake. Dakika chache zinatosha. Dawa ya deni ni kulipa, na deni dogo hulipika kirahisi kuliko lililokomaa.

Kukagua huku kunawahusu zaidi wale wasio na pikipiki yao wenyewe. Wengi wenu mnaendesha chombo cha bosi, mnapeleka hesabu kila jioni, na wengine mko kwenye mkataba kwamba baada ya muda fulani pikipiki itakuwa yenu. Siku unaumwa, unampa deiwaka. Siku ya msiba, unampa mdogo wako. Deni lililoandikwa kwa namba ya chombo halijui ni nani alikuwa amekaa juu yake. Linasubiri, na siku mkataba unaisha, bosi anakuambia kuna laki na nusu ya faini, nawe unaapa si zako. Nani ataamua? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni tarehe, nani ameendesha, amekichukua saa ngapi, amekirudisha saa ngapi. Na kwenye mkataba wenu na bosi iandikwe wazi: faini ya kofia na mwendo ni ya dereva, faini ya bima iliyokwisha na tairi lililoisha ni ya mwenye chombo. Wekeni saini mbele ya mtu mzima. Karatasi ya namna hiyo haimaanishi kwamba hamwaminiani. Inaulinda urafiki wenu usivunjwe na fedha.

Na anayenunua pikipiki ya mkononi? Mgogo hanunui ng'ombe mnadani bila kumfungua mdomo akaona meno. Pikipiki nayo ina mdomo, na mdomo wake ni namba ya usajili. Kabla hujatoa hata shilingi, iingize ile namba kwenye mfumo wa polisi uone kama ina madeni. Muuzaji akisema yatalipwa kesho, mwambie basi na fedha yangu itakuja kesho. Linganisha kadi na namba ya chasisi na ya injini. Kisha nendeni pamoja TRA kuhamisha umiliki. Wengi huishia kwenye kuandikiana mkataba na kupeana mkono. Chombo kikibaki kwa jina la mmiliki wa zamani, kikigonga mtu atatafutwa yeye, na kikikamatwa wewe huna pa kusimamia kusema ni changu.

Sasa tuseme umeandikiwa kosa ambalo hukulifanya. Pikipiki ilikuwa nyumbani imepasuka tairi, na karatasi inasema ilikuwa Dodoma mjini ikivuka taa nyekundu. Vijana wengi hulipa tu ili yaishe, halafu hulalamika mwaka mzima. Mjue kwamba kulipa ni kukiri. Njia ya kukiri na kulipa ni hiari; asiyekubali kosa ana haki ya kusikilizwa na mahakama. Lakini anza na hatua ya karibu. Nenda na kadi yako, leseni na ushahidi ulio nao ofisi ya usalama barabarani ya wilaya, ueleze kwa adabu na kwa maandishi, na ubaki na nakala ya ulichokiandika. Kama ni herufi iliyokosewa, mara nyingi shauri linaishia hapo. Lisipoishia hapo, mahakama ipo. Usiogope mahakama kwa sababu tu ina ukuta na mgambo mlangoni. Ilijengwa ili mtu kama wewe asikilizwe.

Kwa aliyekamatwa, mambo machache lazima ayajue kichwani. Dhamana ya polisi ni bure. Asikudanganye mtu kwamba ina bei. Haipasi kukaa mahabusu zaidi ya saa 24 kwa kosa la kawaida bila kupewa dhamana au kufikishwa mahakamani. Andaa wadhamini mapema: watu wenye makazi yanayojulikana, vitambulisho na barua ya mtendaji. Ukishapewa tarehe ya kufika mahakamani, fika. Kijana asiyefika huandikiwa hati ya kukamatwa, wadhamini wake hutafutwa, na kesi ambayo pengine ingeisha kwa faini hugeuka kuwa aibu ya ukoo mzima.

Siku ya kusomewa mashtaka ndiyo siku ya kutuliza akili kuliko zote. Mwite hakimu Mheshimiwa, simama wima, sikiliza. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, hivyo hakuna sababu ya kuitikia jambo usilolielewa. Kama kuna bibi au babu aliyeshtakiwa ambaye Kigogo au Kikaguru ndicho anachokielewa sawasawa, aombe mkalimani. Haki hii ya kuelewa shtaka ni ya zamani. Mwaka 1973, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza namna hakimu anavyopaswa kupokea maneno ya mshtakiwa anayekiri: shtaka lielezwe kwa lugha anayoielewa, jibu lake liandikwe kadiri inavyowezekana kwa maneno yake mwenyewe, kisha maelezo ya tukio yasomwe na apewe nafasi ya kuyakubali, kuyakataa au kuongeza lake. Mahakama zetu hufuata utaratibu huo hadi leo.

Kwa nini nawaeleza haya? Kwa sababu vijana wengi husema "ni kweli" kwa haraka, wakitaka warudi kazini. Neno hilo moja lina uzito mkubwa. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, Sura ya 20, aliyekiri kosa kwa kawaida hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani. Anaweza kulalamikia ukubwa wa adhabu au uhalali wake tu. Milango michache hubaki wazi, kama vile kukiri kwenyewe kuwa na utata, au mtu kukiri kwa kutoelewa, lakini ni myembamba. Kama ulifanya, kiri kiume, omba radhi, eleza hali yako, omba nafuu. Mahakama humwangalia kwa jicho jingine mtu asiyeisumbua bure. Kama hukufanya, sema si kweli, na usibadilishe neno kwa kuwa mtu kwenye benchi amekunong'oneza kwamba ukikiri utaachiwa. Huyo mnong'onaji hatakwenda gerezani badala yako.

Ukitoka mahakamani, andika mambo manne kabla hujapanda pikipiki: jina la mahakama, namba ya kesi na mwaka wake, jina la hakimu, na tarehe inayofuata. Hizo ndizo funguo za jalada lako. Wapo wanaofika masijala ya mahakama wakasema, "natafuta kesi ya ajali ya mwaka juzi, ya yule kijana wa pikipiki nyekundu." Karani atasaidia nini? Lakini ukimpa namba na mwaka, anajua aanzie kabati gani au aandike nini kwenye kompyuta. Usipokuwa na namba, mpe majina kamili ya mshtakiwa, mwezi wa tukio na kituo cha polisi kilichofungua shauri, naye ataweza kutafuta. Kumbuka pia kwamba mahakama husikiliza mashauri hadharani. Unaweza kwenda kukaa ukasikiliza kesi ya mwenzako, na ningependa vijana wafanye hivyo siku moja moja, wajifunze kabla hawajafika hapo kwa lazima.

Hukumu ikitolewa na hujaridhika, siku zinaanza kuhesabika hapohapo. Nia ya kukata rufaa kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe hufunguliwa ndani ya siku 45. Siku zinazotumika kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri haziingizwi kwenye hesabu hiyo, ndiyo maana nasema omba nakala mapema, omba kwa barua, na ubaki na nakala ya barua yako yenye mhuri wa mapokezi. Mahakama Kuu ina kanda Dodoma, si mbali. Na mwenye hamu ya kujua mashauri ya namna yake yaliamuliwaje, maamuzi ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani yamewekwa wazi kwenye tovuti ya TanzLII, na kuyasoma ni bure. Mengi yako kwa Kiingereza, lakini mwalimu wa sekondari hapa kijijini anaweza kukaa na wewe jioni moja akakusomea. Wasio na uwezo wa kumlipa wakili wasikate tamaa pia: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, na kazi yao ni kuwaongoza watu kama sisi.

Nimeeleza mengi kwa ajili ya anayedaiwa. Nisipomtaja aliyeumizwa nitakuwa nimesema nusu ya haki. Kumbukumbu hizi zina kazi nyingine kubwa: ndizo zinazomwezesha mjane, yatima au kijana aliyevunjika mguu kupata fidia. Kila chombo cha moto kinatakiwa kuwa na bima inayomkinga mtu wa tatu, chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Bima hiyo ikiwa hai, aliyegongwa ana mahali pa kudai. Lakini kampuni ya bima hailipi kwa machozi. Itataka taarifa ya ajali ya polisi, ile PF 90. Itataka ripoti ya mwisho ya upelelezi, PF 115. Itataka fomu ya polisi ya majeruhi, PF 3, iliyojazwa hospitali. Mchoro wa eneo la ajali. Na mara nyingi hati ya mashtaka na nakala ya hukumu ya kesi ya barabarani. Hukumu ya jinai iliyokamilika, muda wa rufaa ukiwa umepita, ni ushahidi wenye nguvu sana kwamba fulani alitenda kosa. Sasa fikirini familia iliyozika, ikalia, ikakubali ng'ombe wawili wa kumalizana nyumbani, haikuandika namba ya kesi wala haikufuatilia jalada. Baada ya miaka miwili watoto wanafukuzwa shule kwa kukosa mahitaji, na hakuna hata karatasi moja ya kushika mkononi.

Kusuluhishana ni mila yetu nzuri, wala siipingi. Wazee wakikaa, pole ikatolewa, uadui ukazikwa, hilo ni jema mbele ya Mungu na watu. Ila mjue mpaka wake: kesi ya jinai ni ya Jamhuri, haifutwi kwa makubaliano ya koo mbili, na suluhu ya nyumbani haiondoi haki ya bima. Fanyeni yote mawili. Patanisheni mioyo, na karatasi zifuatwe.

Na wewe dereva, ajali ikitokea usikimbie. Ukiona watu wamekusanyika kwa hasira na unahofia maisha yako, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukajisalimishe na kutoa taarifa. Anayekimbilia porini huacha hadithi yake isimuliwe na wengine, na ikishaandikwa hivyo ni vigumu kuibadilisha. Bima yako uikague nayo. Stika bandia zipo, na mamlaka ya bima, TIRA, ina mfumo wa kuhakiki kama bima uliyouziwa ni ya kweli. Leseni usiinunue uchochoroni. Pitia mafunzo, fanya mtihani, uipate TRA kwa jina lako. Na kikombe cha wanzuki kisubiri hadi pikipiki iwe imelala. Karatasi iliyo safi kuliko zote ni ile isiyowahi kuandikwa kosa.

Wazazi, nanyi msikae kando. Mmeuza mbuzi na alizeti kumnunulia mtoto pikipiki. Mnunulieni na kofia mbili na daftari. Muulizeni mwisho wa mwezi, hata kama ameshaoa: umekagua namba yako? Na nyinyi viongozi wa vijiwe, mliochaguliwa na wenzenu, kazi yenu isiishie kwenye michango ya misiba. Wapo wenzenu wasiosoma vizuri wanaoona haya kusema. Wasomeeni karatasi zao bila kuwacheka, na siri zao zibaki kwenu.

Kwa hiyo nawaombeni jambo la kufanya, tena jioni ya leo. Kaeni kijiweni, ingizeni namba zenu kwenye mfumo moja baada ya nyingine, mjue nani anadaiwa nini. Mwenye deni la haki alilipe wiki hii. Mwenye deni lisilo lake aende ofisi ya usalama barabarani na karatasi zake mkononi. Mwenye kesi Kongwa aandike namba yake na tarehe yake, na siku hiyo afike kabla hakimu hajaketi.